Geuza Pakiti: Hotuba kwa Wafugaji wa Paka Kuhusu Chakula cha Dukani

Ndugu zangu wafugaji wa paka, hamjambo. Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi kwa kulitekeleza ombi langu la ajabu. Niliwaomba kila mmoja aje na pakiti au kopo tupu la chakula anachompa paka wake, na naona mmekuja nazo kweli, maana harufu imeshanifikia huku mbele. Ziwekeni miguuni kwanza. Tutazirudia.

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si daktari wa mifugo wala mtaalamu wa lishe. Ni mfugaji kama ninyi, niliyejifunza kusoma lebo baada ya kuaibika. Nilikuwa na paka dume, mweusi, mnene, tukimwita Shombo kwa sababu ambazo wenye paka hamhitaji kuelezwa. Usiku mmoja nikamwona anaingia kwenye beseni lake la mchanga, anachutama, anatoka. Baada ya dakika tano anarudi, anachutama, anatoka. Mchanga mkavu. Nikajisemea, huyu amefunga choo, kesho atakuwa sawa. Kulipokucha nilimkuta amejilaza pembeni mwa beseni, akinguruma kwa sauti ya chini kila nikimgusa tumbo. Daktari alimpapasa mara moja tu akasema, "Kibofu kimejaa, kigumu kama chungwa. Huyu hajakojoa tangu jana." Njia ya mkojo ilikuwa imezibwa na chembe za madini kama mchanga. Wenye paka dume, shikeni hilo hata kama mtasahau mengine yote ya leo: dume anayechutama bila kutoa mkojo hasubiriwi mpaka asubuhi. Hapo tunahesabu saa, hatuhesabu siku.

Aliponusurika, daktari akaniuliza, "Anakula nini?" Nikamtajia jina la kampuni, tena kwa fahari, maana pakiti yake ilikuwa nzuri, ya kung'aa. Akanijibu taratibu, "Sikuuliza jina. Nimeuliza ndani mna nini." Nikaduwaa. Miaka minne nilikuwa nanunua kitu kilekile, na sikuwahi kuigeuza ile pakiti hata mara moja.

Nisieleweke vibaya. Daktari hakusema kwamba chakula ndicho kilichomziba Shombo. Ugonjwa ule una vyanzo vingi: unene, kukaa ndani bila kujishughulisha, wasiwasi, maji kidogo mwilini. Lakini lile swali lake halikunitoka, na ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sasa fikirini: tunapokwenda dukani kununua chakula cha paka, paka hayupo. Hana pesa, hajui kusoma, na hatamlalamikia muuzaji. Aliyepo ni mimi na wewe, kwa hiyo tunaobembelezwa ni mimi na wewe. Zile picha, zile rangi, yale majani mabichi yaliyochorwa pembeni ya paja la kuku, vyote vimewekwa kwa ajili ya macho yetu. Mbele ya pakiti anazungumziwa mnunuzi. Nyuma, kwa herufi za kuumiza macho, ndipo anapozungumziwa mlaji.

Na huyu mlaji ni mnyama wa namna ya pekee. Paka anakula nyama kwa lazima, hata angetaka asingeweza kuacha. Kwa vizazi visivyohesabika mababu zake walipata kila kitu ndani ya windo, kikiwa tayari, na mwili wake ukaacha kujitengenezea vitu kadhaa ambavyo miili yetu inavitengeneza. Sisi tunakula karoti, mwili unaigeuza ile rangi yake kuwa vitamini A. Paka hawezi. Anaitaka vitamini A ikiwa imeshakamilika, kama ilivyo kwenye ini. Kuna asidi moja ya mafuta, arakidoniki, ambayo mbwa hujitengenezea kutokana na mafuta ya mimea. Paka anategemea aipate kwa mnyama mwingine. Kuna arginini, kipande kimoja cha protini, ambayo paka akila mlo mmoja tu usiokuwa nayo kabisa, amonia hupanda katika damu yake ndani ya saa chache. Mlo mmoja! Na kuna taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama, ambayo nitakaa nayo kidogo kwa sababu kisa chake kinatuhusu sana sisi wanunuzi.

Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walieleza katika jarida la Science kwamba paka waliolishwa chakula ambacho protini yake ilitokana na maziwa pekee waliharibika macho, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, kwa kukosa taurini. Watu wakajifunza, viwanda vikaongeza taurini, mambo yakaonekana yamekwisha. Kumbe bado. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha katika jarida hilohilo habari ya paka waliokuwa wanakufa kwa moyo uliotanuka na kulegea. Paka hawa hawakuwa wakila mabaki ya mezani. Walikuwa wakila chakula cha dukani cha kampuni zinazoheshimika, kikiwa na taurini ambayo vipimo vya siku zile viliiona inatosha. Haikutosha. Walipoongezewa taurini, mioyo ya wengi wao ikaanza kurudi katika hali yake, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa ugonjwa wa moyo. Baadaye ikafahamika kwamba namna chakula kinavyopikwa na kuwekwa kwenye kopo hupunguza taurini inayomfikia paka, ndiyo maana leo chakula cha kopo hutakiwa kuwa na taurini karibu mara mbili ya kile kikavu.

Mimi kisa hiki huwa kinanipa mambo mawili kwa pamoja, woga na shukrani. Woga, kwa sababu neno "kamili" kwenye pakiti lina ukamilifu wa elimu ya siku hiyo tu. Shukrani, kwa sababu makosa yale yameshalipiwa na paka wengine, na chakula kilichotengenezwa vizuri leo kinabeba somo hilo ndani yake. Ndiyo maana mtu akiniambia anampikia paka wake mwenyewe nyumbani kwa kukisia, nyama na wali basi, huwa namwomba akamwone daktari kwanza.

Na kwa kuwa nimetaja karoti: mwaka 2005 wanasayansi wa Monell, kituo cha utafiti wa ladha na harufu huko Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba jeni moja inayohitajika ili ulimi uonje utamu imeharibika kwa paka wa nyumbani, chui milia na duma. Paka haonji sukari. Basi zile zabibu na matunda yaliyochorwa kwenye pakiti ya bwana yule wa mstari wa tatu, naiona kutoka hapa, alichorewa nani?

Haya, tuanze na mbele ya pakiti, maana hata pale pana ukweli kidogo ukijua kuusoma. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na chakula cha paka kinajitembeza kwa majina. Marekani wana kanuni ya majina. Kopo likiitwa kuku tupu, yaani "Kuku kwa Paka", basi kuku awe angalau asilimia 95 ya chakula chote ukiondoa maji ya kupikia. Likiitwa "Mlo wa Kuku" au jina la namna hiyo, kuku anaweza kushuka mpaka asilimia 25. Likiandikwa "wenye kuku", asilimia 3 inatosha. Na likiandikwa "ladha ya kuku", hakuna kiasi kilichowekwa. Mradi ladha ionekane. Ulaya nao wana ngazi zao, na kule "wenye kuku" huanzia asilimia 4. Mnaona jinsi neno dogo linavyoweza kubeba kuku mzima au kumkimbiza? Makopo mawili yenye picha ileile ya kuku yuleyule yanaweza kutofautiana mara thelathini.

Maneno kama "bora", "ya hali ya juu", "asilia kabisa", mimi huyaruka. "Ya hali ya juu" halina maana yoyote kisheria kwenye chakula cha paka. Kila mwenye kiwanda anaweza kujipaka.

Geuzeni sasa. Kuna sentensi moja, aghalabu ndiyo fupi kuliko zote na imejificha karibu na mstari wa anwani. Inasema kama chakula hiki ni kamili au ni cha nyongeza, na kwamba ni kwa paka wa umri gani. Mkipata dakika moja tu dukani, tumieni dakika hiyo kuitafuta sentensi hii. Chakula kamili kinaweza kumlea paka peke yake. Cha nyongeza ni kitoweo cha kuonja, hata kama ni samaki safi aliyetulia ndani ya mchuzi mzuri na kopo lake ni la bei ya kutisha. Na hapa ndipo wengi tunapoanguka, kwa sababu yale makopo mazuri kuliko yote kwa macho, minofu mitupu ya samaki, mara nyingi ni ya nyongeza. Tunamwona paka anavyoyafakamia, tunampa hayohayo asubuhi na jioni, na tunadhani tumempenda.

Huko Marekani sentensi hiyo hutaja AAFCO, umoja wa maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama, uliopo tangu mwaka 1909. Ulaya viwanda hufuata miongozo ya FEDIAF, umoja wa watengenezaji wa vyakula vya wanyama wa nyumbani. Watu wengi hudhani AAFCO wanaonja, wanapima na kuidhinisha kila pakiti. Hapana. Wao wanaweka viwango, kwa mfano protini isiyopungua asilimia 26 kwa paka mzima na 30 kwa mtoto, ikihesabiwa baada ya kuondoa maji. Kampuni ndiyo inayojitangaza kuwa imevifikia, ama kwa kulinganisha hesabu za virutubisho, ama kwa kuwalisha paka hai. Hilo la kuwalisha linasikika kubwa, na ni jambo jema, lakini si jeshi: kwa paka wazima ni angalau paka 8 kwa wiki 26, na 6 wakimaliza salama inakubalika. Najua mmoja wenu ameguna. Mimi pia niliguna. Hata hivyo ni bora kuliko maneno matupu.

Umri ni muhimu hasa kwa watoto. Kipaka cha miezi mitatu kinajenga mifupa na macho na moyo kwa wakati mmoja, na chakula cha "paka mzima" hakikuandikwa kwa ajili yake. Na tafadhali, chakula cha mbwa ni cha mbwa. Mbwa anajitengenezea taurini. Kiwanda chake hakina sababu ya kumfikiria paka wako.

Sasa nichukue vitu viwili nilivyokuja navyo. Mkono huu kopo, mkono huu pakiti ya punje kavu. Kopo linasema protini asilimia 10. Pakiti inasema protini asilimia 34. Nani ana protini zaidi? Naona mikono mingi imeelekea kwenye pakiti. Ndivyo hata mimi nilivyokuwa najibu. Angalieni mstari wa unyevu. Kopo lina maji asilimia 78. Ukiyaondoa, kinachobaki ni 22, na katika hizo 22, 10 ni protini. Gawanya, unapata asilimia 45. Pakiti ina maji asilimia 8, kinachobaki ni 92, na 34 ndani ya 92 ni kama 37. Aliyeshinda ni kopo. Kuwalinganisha hawa bila kutoa maji ni sawa na kupima nguo mbichi na nguo kavu ukasema hii nzito ndiyo yenye kitambaa kingi.

Wanga ndio fumbo zaidi, kwa sababu mara nyingi hauandikwi kabisa. Lakini unaweza kuukamata kwa kujumlisha vilivyoandikwa na kuona kilichopungua. Pakiti hii: protini 34, mafuta 14, nyuzinyuzi 4, unyevu 8, majivu 7. Majivu ni madini yanayobaki ukikiunguza chakula, msishtuke, hakuna aliyemimina jivu la jikoni. Jumla 67. Kinachokosekana kufika 100 ni 33, na huo ndio wanga, theluthi nzima ya pakiti. Kopo: 10, mafuta 5 na nusu, nyuzinyuzi 1, unyevu 78, majivu 2 na nusu. Jumla 97. Wanga 3, na ukitoa maji ni kama asilimia 14. Ni makadirio, kwa sababu lebo hutaja kiwango cha chini cha protini na cha juu cha unyevu, si kipimo kamili. Ila yanatosha kukuonyesha unaelekea wapi. Watafiti waliochambua milo ya paka wanaojiwindia, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2011, walikadiria kwamba nguvu wanayopata hutokana na protini kama asilimia 52, mafuta 46, na wanga 2 tu.

Je, wanga ni sumu? Hapana, na hapa ninatofautiana na baadhi ya marafiki zangu. Paka anaweza kumeng'enya wanga uliopikwa vizuri, na punje kavu haziwezi hata kushikamana bila wanga kiasi. Ninachosema ni kwamba wanga haupaswi kuwa ndio mwenye nyumba. Na neno "bila nafaka" lisiwatulize. Mara nyingi mahindi yametolewa mlango wa mbele, mbaazi na viazi vikaingia mlango wa nyuma, na wanga ni uleule au umezidi. Fanyeni ile hesabu.

Orodha ya viambato nayo ina ujanja wake. Hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, pamoja na maji. Kuku mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo anakaa wa kwanza kwa fahari, na akishakaushwa kuwa punje amesinyaa hata wa tatu anampita. Halafu utakuta mbaazi, kisha unga wa mbaazi, kisha protini ya mbaazi, kila moja kivyake, chini ya kuku. Zikikusanywa huenda zingekuwa juu yake.

Kwa upande mwingine, tunaogopa visivyoogopesha. Watu husoma kwamba ndani mna mazao mengine ya mnyama, yaani maini, mapafu, wengu, figo, wanakunja uso. Mmewahi kumwona paka na panya? Haanzi na mnofu wa paja. Anaanza na kichwa, na vya ndani havimchefui hata kidogo. Kinachotutia kinyaa sisi ndicho chenye vitamini zake. Ninachotaka mimi ni kwamba mnyama atajwe jina: ini la kuku, mapafu ya ng'ombe. "Nyama" tupu, isiyosema ya nani, ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuna jambo jingine kuhusu ile namba ya protini, nalo si la kufurahisha. Kiwandani hakuna anayeikamata protini yenyewe na kuihesabu. Kwa njia iliyovumbuliwa na Johan Kjeldahl huko Copenhagen mwaka 1883, hupimwa naitrojeni, ambayo imo ndani ya kila protini, halafu huzidishwa kwa 6.25. Ukijua hilo, unaelewa kilichotokea mwaka 2007. Gluteni, yaani protini ya ngano, iliyoagizwa kutoka China kwa ajili ya vyakula vya wanyama ilikuwa imechanganywa na melamini, kemikali ambayo tunaijua kwenye sahani za plastiki ngumu. Theluthi mbili ya uzito wa melamini ni naitrojeni, hivyo kipimo kilipoiona kikasema, hapa pana protini nyingi. Ikikutana na asidi ya sianuriki, kemikali nyingine ambayo nayo ilikuwemo, hutengeneza chembe ngumu ndani ya figo. Huko Amerika Kaskazini makopo na vifuko zaidi ya milioni 60 viliondolewa madukani, vikiwa na majina mengi tofauti, vingine vya bei ya chini na vingine vya bei ya juu, kumbe vimetoka katika viwanda vilevile.

Tangu nisome habari hiyo, nimeanza kuwaandikia watengenezaji. Nauliza nani alipanga mchanganyiko huu, na je, ni mtaalamu wa lishe ya wanyama aliyesomea? Mnatengeneza kiwandani kwenu au kwa mwingine? Mnapima kila shehena? Kiasi gani cha fosforasi, kilokalori ngapi kwa gramu 100? Wapo wanaojibu kesho yake, kwa tarakimu. Wapo wanaonitumia shairi kuhusu mapenzi yao kwa wanyama. Hao wa shairi siwanunui.

Nije kwenye ugomvi wa kila mkusanyiko wa wenye paka: kikavu au laini? Paka wetu anatokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Karibu, mnyama wa nchi kame. Figo zake zinajua kubana mkojo, na kiu yake huchelewa kuja, kwa sababu panya mwenyewe ni maji kama asilimia 70. Alikuwa anakula maji yake. Chukueni paka wa kilo 4 anayehitaji kilokalori kama 225 kwa siku. Akila gramu 250 za kopo lile, ameingiza karibu gramu 195 za maji bila kuinamia bakuli. Akila gramu 60 za punje zile, ameingiza kama gramu 5. Tano! Maji yaliyobaki inabidi ayanywe, na paka wengi hunywa pungufu ya wanavyopaswa.

Kwa hiyo mimi napenda paka apate chakula laini angalau mlo mmoja kila siku, na kwa dume aliyewahi kuziba, zaidi ya hapo. Simlaumu anayetegemea kikavu. Ni nafuu, hakiharibiki haraka, na yupo mtu anayefanya kazi kutwa nzima. Ila awe anakipima. Wengi wetu tunamimina mpaka bakuli lionekane zuri. Tumieni mzani wa jikoni, siyo kikombe: gramu 10 za ziada ni kidogo kiganjani, lakini kwa paka huyo wa kilo 4 ni moja ya sita ya chakula chake cha siku nzima. Fanya hivyo kila siku, utapata Shombo wa pili. Na ile imani kwamba punje ngumu husafisha meno, punje za kawaida hupasuka meno yakizigusa tu na hazisugui kitu. Zipo zilizotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo, na hizo ni habari nyingine.

Vyakula vya figo, vya mkojo, vya kisukari, hivyo nivipite haraka: ni dawa iliyovaa nguo za chakula. Daktari akikuandikia, tumia. Usimpe paka mzima wa afya kwa kujikinga, wala usimpe jirani kilichobaki. Chakula kibichi cha kugandishwa nacho kina wapenzi wake, lakini mwishoni mwa mwaka 2024 huko Marekani paka walikufa kwa homa ya mafua ya ndege baada ya kula chakula kibichi cha dukani chenye virusi. Kugandisha hakuui virusi. Mimi kwangu nimefunga huo mlango.

Mkishachagua, msibadilishe kwa siku moja. Siku 7 mpaka 10, kipya kikiongezeka na cha zamani kikipungua. Shombo nilipomletea kopo lake la kwanza alilinusa, akakaa chini, akanitazama kama mtu aliyekuja kudai deni. Kuna waliosema, mwache na njaa atakula. Hapo nawaomba sana. Paka mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta ya mwili humiminikia ini likashindwa kufanya kazi, na hiyo inaua. Nilichofanya ni kukipasha chakula kidogo kifikie joto la mwili, maana hakuna panya anayetoka kwenye jokofu, nikachanganya kijiko kimoja na punje zake alizozizoea. Siku ya tatu alilamba. Siku ya sita alilipa bakuli mgongo likiwa jeupe.

Baada ya hapo, mwili wa paka ndio utakaokujibu. Mpapase mbavu: ziwe kama vifundo vya mgongo wa kiganja chako, unazihisi bila kubonyeza. Tazama choo, tazama manyoya kama yanang'aa au yameshikana, hesabu mabonge ya mkojo mchangani, mpime uzito kila mwezi. Ukikaa wiki sita na vyote vinakwenda vizuri, acha kuhangaika na pakiti ya jirani.

Basi, tuziinue hizo pakiti. Nianze na wewe dada, mstari wa pili, mwenye kopo la bluu. Lete. Mbele hapa limeandikwa "ladha ya samaki". Mmesikia: ladha. Nageuza. Protini 9, unyevu 84. Hiyo toa maji, 9 ndani ya 16, asilimia 56, si mbaya hata kidogo. Sasa ile sentensi yetu. Hebu nishikieni hili nivae miwani. "Chakula cha nyongeza." Unacheka, dada. Paka wako ana umri gani? Miezi minne. Na anakula hiki na nini kingine? Hiki tu. Haya, njoo ukae hapa karibu nami tuandike pamoja cha kwenda kutafuta kesho, na wengine mjipange nyuma yake, makopo yakiwa yameshageuzwa.